Kuonja na Kulinganisha Wiski Safarini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wasafiri wa kila namna: aliyepata wiki moja ya kuzunguka Uskoti, anayebadilisha ndege Tokyo, aliyetumwa kikazi Kentucky akabakiwa na Jumamosi moja ya bure. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya mara chache. Jambo lililokwisha kuelezwa kwingine halirudiwi. Utaelekezwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Kuonja kuna tofauti gani na kunywa?

Mnywaji anatafuta raha, mwonjaji anatafuta jibu. Jibu lenyewe laweza kuwa dogo tu: kati ya hizi mbili, ipi ina ladha ya moshi zaidi? Ipi inakaa mdomoni muda mrefu?

Nusa kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo, na pua ibaki ukingoni mwa glasi. Ukiizamisha ndani, mvuke wa alkoholi utaitia ganzi na hutasikia kitu kwa dakika kadhaa. Kisha piga funda dogo, lizungushe juu ya ulimi, meza, na usubiri. Ladha inayobaki baada ya kumeza ndiyo inayotenganisha wiski nyingi, na ndiyo wengi wanayoikosa kwa sababu ya kukimbilia funda la pili.

Rangi usiipe uzito. Sheria ya Uskoti inaruhusu kutia karameli ya kurekebisha rangi, kwa hiyo weusi wa wiski si ushahidi wa umri wala wa ubora.

2. Aina kuu ni zipi, na zinatofautianaje?

Wiski ya Uskoti hukenekwa (yaani huchemshwa, na mvuke wake hupozwa ukawa kinywaji) na kukomazwa hukohuko, ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa miaka isiyopungua 3, na huwekwa kwenye chupa ikiwa na alkoholi ya asilimia 40 au zaidi. Inayoandikwa "Single Malt" imetengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake katika kiwanda kimoja. Inayoandikwa "Blended" ni mchanganyiko wa wiski za kimea na za nafaka nyingine, na kwa kawaida hutoka viwanda vingi.

Ya Ayalandi nayo hukaa pipani miaka isiyopungua 3. Nyingi hukenekwa mara tatu, ingawa sheria hailazimishi, na ndiyo sababu mara nyingi huteleza kooni. Upekee wao hasa ni wiski inayochanganya shayiri iliyooteshwa kuwa kimea na shayiri mbichi kwenye mtungi mmoja wa shaba. Hiyo ina uzito na ukali wa viungo ambao hutaupata kwingine kwa urahisi.

Bourbon ni ya Marekani: mahindi asilimia 51 au zaidi, na mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Upya wa pipa na ule moto ndivyo vinavyoleta vanila na karameli. Inaweza kutengenezwa jimbo lolote la Marekani, si Kentucky tu. Tennessee wao huichuja kwanza kwenye makaa ya mti wa mepo kabla ya kuitia pipani.

Japani ilijifunza kutoka Uskoti. Kiwanda cha Yamazaki kilianza kujengwa mwaka 1923, na Masataka Taketsuru, aliyekuwa amesomea kazi hiyo Uskoti, akaanzisha chake Yoichi mwaka 1934. Kuhusu lebo za Kijapani, soma swali la 18.

3. Umri ulioandikwa kwenye chupa unamaanisha nini?

Ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Chupa ya miaka 12 inaweza kuwa na matone ya miaka 20 ndani yake, lakini haina hata tone la miaka 11.

Usilinganishe namba hizo kati ya nchi ya baridi na nchi ya joto. Uskoti, pipa hupoteza takriban asilimia 2 kwa mwaka kwa kuvukizwa. Bangalore, India, inakotengenezwa wiski iitwayo Amrut, upotevu ni mara kadhaa ya huo, na mbao na kinywaji hufanya kazi kwa kasi zaidi. Wiski ya miaka 5 ya India inaweza kuwa imekolea mbao kuliko ya miaka 12 ya Uskoti. Hiyo haimaanishi ni bora, wala ni duni. Namba tu hazizungumzi jambo moja.

4. Nibebe glasi yangu?

Ukiweza, ndiyo. Glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba hukusanya harufu. Glasi ya kawaida ya baa, iliyo wazi kama bilauri, huitawanya. Ile iitwayo Glencairn, iliyoanza kuuzwa mwaka 2001, ni fupi na nene, hivyo huvumilia begi. Faida kubwa zaidi ya kubeba glasi ni kwamba unaondoa kitu kimoja kinachobadilika kati ya mji na mji. Kama huna, omba glasi ndogo ya mvinyo. Karibu kila baa inayo.

5. Kutia maji si kuiharibu?

Si kuiharibu. Wanaochanganya wiski viwandani hupunguza sampuli zao hadi karibu asilimia 20 ya alkoholi wanapozinusa, kwa sababu mvuke mkali huficha kasoro na uzuri pia. Onja kwanza bila maji, kisha ongeza matone machache, nusa tena.

Kwa msafiri, swali zito ni maji yenyewe. Ya bomba katika miji mingi yana klorini, na klorini huonekana upesi sana kwenye wiski laini. Tumia ya chupa yasiyo na gesi wala chumvi nyingi, na ikiwezekana ya aina ileile safari nzima. Barafu iache kwa wakati wa kunywa. Ubaridi hufunga harufu.

## Kulinganisha ukiwa njiani

6. Nitalinganishaje wiski ya leo na niliyoonja wiki iliyopita katika mji mwingine?

Kwa kumbukumbu pekee, huwezi. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa, na majibu mengi yanayotolewa (andika vizuri, toa alama kati ya 100) hayalitatui. Wiki iliyopita ulikuwa umelala vizuri, umeketi kiwandani, mwenyeji anasimulia habari za babu yake. Leo una uchovu wa ndege na umetoka kula kitunguu saumu. Alama 88 ya siku ile na 84 ya leo hazikupimwa kwa mizani moja.

Dawa yake ni kubeba mizani. Chagua wiski moja unayoijua vizuri, ya kawaida, isiyo ghali, yenye alkoholi ya asilimia 40 hadi 43 na isiyo na moshi mwingi. Weka kiasi chake kwenye kichupa cha kioo, hiyo ndiyo *wiski ya kipimo*. Kila unapokaa kuonja, anza na funda lake dogo. Kama leo inaonekana chungu au bapa, iliyobadilika si wiski. Ni wewe, au hewa ya chumba. Ahirisha, au angalau jua kwamba hukumu ya leo ina walakini.

Halafu andika kila wiski mpya kwa kuilinganisha na kipimo: tamu kidogo zaidi, moshi wazi kabisa, hupotea mdomoni mapema. Maneno ya namna hiyo husafiri vizuri kutoka mji hadi mji kwa sababu yana nanga moja.

Hatua ya pili, kwa mwenye subira, ni kuchukua sampuli. Pale mwenye baa au kiwanda anaporuhusu, hifadhi mililita 10 hadi 20 za kila unachokipenda, kisha siku ya mwisho ya safari zipange zote mezani. Saa moja ya ulinganisho wa ana kwa ana itakufundisha kuliko daftari zima. Kichupa kiwe cha kioo, kifuniko kibane, kijae hadi shingoni kwa kuwa hewa hubadilisha wiski, na jina liandikwe siku hiyohiyo. Vichupa vitano visivyo na majina vyote hufanana.

7. Nionje ngapi kwa siku?

Nne hadi sita, za mafunda madogo. Baada ya hapo pua huchoka, na kinachofuata ni kunywa tu, hata kama daftari liko wazi.

Hesabu alkoholi, si glasi. Mililita 25 za asilimia 40 zina mililita 10 za alkoholi halisi. Toti ya Marekani ya takriban mililita 44, ikiwa ya asilimia 50, ina 22. Mtu aliyezoea vipimo vya Uingereza akiagiza "nne kama kawaida" Marekani atakuwa amekunywa maradufu bila kujua.

Pua ikichoka kati ya sampuli, nusa mkono wa shati lako mwenyewe. Harufu uliyoizoea huirudisha haraka. Punje za kahawa zinazowekwa mezani huongeza harufu nyingine tu, na sijaona faida yake.

8. Nizipange kwa mfuatano gani?

Nyepesi kabla ya nzito, ya alkoholi kidogo kabla ya kali, isiyo na moshi kabla ya yenye moshi. Moshi ndio wa kuogopwa zaidi. Ukishaonja Ardbeg au Laphroaig, wiski laini ya mapipa ya bourbon itakayofuata itaonekana maji. Kama kuna mbili zenye moshi, anza na yenye moshi mdogo, lakini usitegemee namba za fenoli (kemikali zinazoleta ladha ya moshi) zinazotangazwa. Kwa kawaida hupimwa kwenye kimea kabla ya kukenekwa, na kiasi kinachofika kwenye chupa ni kidogo zaidi, tena hutofautiana kiwanda hadi kiwanda.

9. Mbona iliyokuwa tamu sana kiwandani imekuwa ya kawaida nyumbani?

Kwa sababu kiwandani ulionja na jengo, na mvua, na furaha ya kufika. Wakati mwingine pia ulionja kitu tofauti kabisa: wageni hupewa wiski iliyotoka moja kwa moja pipani ikiwa na asilimia 55 au 60, kisha dukani wakanunua ile ya asilimia 40. Kabla ya kulipa, uliza kama kilichomo kwenye chupa ndicho ulichoonjeshwa.

Ukiwa na wiski ya kipimo (swali la 6), funda moja lake pale kiwandani hushusha furaha hiyo kidogo. Inakera, lakini inaokoa pesa.

10. Naweza kuonja bila kujua ipi ni ipi nikiwa peke yangu?

Ndiyo. Bandika karatasi yenye jina chini ya kila glasi, funga macho, zungusha glasi mezani mpaka upotee, kisha onja. Mkiwa wawili, jaribuni glasi tatu: mbili zina wiski moja, ya tatu ina nyingine, na mwonjaji atafute iliyo tofauti. Ukishindwa kuitambua mara kadhaa, basi tofauti uliyoisifu ilikuwa kwenye lebo.

Jaribio la kuficha chupa limeaibisha majina makubwa. Mwaka 2010, katika onjo la aina hiyo Edinburgh, Kavalan ya Taiwan, kiwanda kilichoanza kukeneka mwaka 2006 tu, iliwekwa juu ya wiski za Uskoti zilizokuwa mezani.

## Viwandani na kwenye baa

11. Nikipata siku tatu tu Uskoti, niende Islay au Speyside?

Inategemea unachotaka kulinganisha. Islay ni kisiwa cha moshi wa piti, ule udongo mweusi wa mimea iliyooza unaochimbwa na kuchomwa kukaushia kimea. Kutoka Port Ellen kuna njia ya miguu inayopita Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg, umbali wa kama kilomita 5. Wiski tatu za pwani moja, zote za moshi, na bado hazifanani. Ni darasa zuri kuliko yote ninayoyajua, na hulihitaji gari. Lakini kufika kisiwani kwahitaji kivuko kutoka Kennacraig au ndege ndogo, na upepo mkali huweza kuvuruga ratiba. Kwa siku tatu, acha pengo.

Speyside ina viwanda vingi vilivyosongamana na usafiri wake ni rahisi zaidi. Huko linganisha mapipa: tafuta wiski ya mapipa ya bourbon kutoka kiwanda kimoja na ya mapipa yaliyowahi kubeba sheri (mvinyo mkali wa Hispania) kutoka kingine, uzionje jioni moja.

Vyovyote vile, viwanda viwili kwa siku vinatosha. Cha tatu utakumbuka paka wake tu.

12. Lazima niweke nafasi mapema?

Kwa viwanda maarufu, ndiyo, hasa wakati wa tamasha la Islay mwishoni mwa Mei na lile la Speyside kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei. Kumbuka pia kwamba viwanda vingi husimamisha mitambo kwa matengenezo wakati wa kiangazi. Ziara huendelea, lakini mitungi imepoa na hakuna harufu ya uchachu. Uliza kabla ya kununua tiketi.

13. Naendesha gari. Nifanyeje?

Usionje. Uskoti ilishusha kiwango Desemba 2014 hadi miligramu 50 za alkoholi kwa mililita 100 za damu, wakati Uingereza kwenyewe kimebaki 80. Japani ni kali zaidi: kiwango kiko karibu na miligramu 30, na abiria aliyepanda akijua dereva amekunywa anaweza kuadhibiwa pia.

Viwanda vingi vya Uskoti humpa dereva sampuli zake kwenye vichupa aondoke nazo. Kusema kweli dereva ndiye mwenye bahati. Ataonja jioni, ametulia, na wiski zote zikiwa mbele yake kwa pamoja, kama ilivyoelezwa kwenye swali la 6.

14. Toti moja ni kiasi gani?

Uingereza baa hupima mililita 25 au 35, Ayalandi 35.5, Japani 30. Marekani hakuna kipimo cha taifa zima. Nyingi humimina kama mililita 44, na ya bila barafu huenda ikazidi. Baa nyingi za wiski Japani huuza nusu toti, na kwa anayelinganisha hakuna huduma bora kuliko hiyo. Kwingine omba tu. Mbaya zaidi ni kuambiwa hapana.

Angalia pia chupa. Iliyobaki robo na kukaa rafuni miezi mingi huwa imepoa ladha. Usiihukumu wiski kwa glasi hiyo.

15. Ni utovu wa adabu kutema au kuacha?

Kutema kwenye chombo kilichowekwa kwa kazi hiyo ni kawaida ya kitaalamu. Kuacha nusu glasi hakumuudhi mtu anayeijua kazi yake.

## Ndege na forodha

16. Kuna maana kuonja ndani ya ndege?

Kunywa, sawa. Kuhukumu, hapana. Mgandamizo wa hewa ndani ya ndege ni kama wa mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na unyevu mara nyingi uko chini ya asilimia 20. Pua hukauka na harufu nyepesi hupotea. Wiski nzito za sheri na za moshi hustahimili vizuri kuliko laini. Na chupa yako mwenyewe usiifungue hewani: kwenye ndege za Marekani, kunywa kileo ambacho hakikutolewa na wahudumu ni kosa kisheria.

17. Naruhusiwa kubeba chupa ngapi?

Kuna sheria mbili tofauti, na watu huzichanganya. Ya usalama wa ndege: kinywaji cha asilimia 24 hadi 70 kinaruhusiwa hadi lita 5 kwa abiria kwenye mzigo unaopakiwa, kikiwa kwenye chupa yake ya dukani, kinachozidi asilimia 70 hakiruhusiwi kabisa. Mkononi, kikomo cha kawaida ni vichupa vya mililita 100, isipokuwa ulichonunua baada ya ukaguzi na kufungiwa kwenye mfuko maalumu. Mfuko huo usifunguliwe ikiwa una ndege nyingine ya kuunganisha.

Ya forodha ndiyo inayoamua ushuru. Lita 1 huingia Marekani bila ushuru (uwe na miaka 21), lita 1 pia ukiingia Umoja wa Ulaya kutoka nje yake, lita 4 Uingereza, na chupa 3 za mililita 760 Japani (uwe na miaka 20). Kuzidisha si kosa ukitangaza. Kosa ni kunyamaza. Viwango hubadilika, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya forodha ya nchi husika. Kuwait hairuhusu kuingiza pombe kabisa, na ndani ya India, majimbo ya Gujarat na Bihar yamepiga marufuku. Angalia njia nzima, siyo mwisho wake tu.

Bei ya duka lisilotozwa ushuru igawanye kwa lita kwanza. Huko chupa nyingi ni za lita 1, mitaani Ulaya ni mililita 700 na Marekani mara nyingi 750, kwa hiyo kinachoonekana nafuu au ghali huenda kisiwe hivyo.

## Mambo ya mara chache

18. Chupa ina maandishi ya Kijapani. Ni ya Japani kweli?

Si lazima. Kwa miaka mingi iliwezekana kuchanganya wiski iliyoagizwa nje na kuiuza kwa sura ya Kijapani. Mwaka 2021 chama cha watengenezaji kiliweka masharti, yaliyoanza kutumika kikamilifu Aprili 2024: kukeneka, kukomaza kwa miaka 3 au zaidi na kuweka kwenye chupa vyote vifanyike Japani. Lakini hayo ni masharti ya chama, si sheria ya nchi. Soma lebo ya nyuma au uliza muuzaji. Baadhi ya mchanganyiko huo ni mzuri. Usilipie tu bei ya kitu kingine.

19. Nimepata mafua katikati ya safari.

Acha kuonja. Jaza vichupa, utaonja ukipona. Kama unameza dawa, soma kwanza maelezo yake kuhusu pombe.

20. Ni kweli palipo na kiwanda cha Jack Daniel's pombe haiuzwi?

Lynchburg, Tennessee, iko katika kaunti ya Moore, ambayo kwa muda mrefu imekuwa na marufuku ya pombe. Kiwanda kina ruhusa maalumu ya kuonjesha na kuuza chupa za ukumbusho. Ukitaka kuilinganisha na bourbon jioni, panga kulala mji mwingine, Nashville kwa mfano.

21. Chupa niliyoifungua njiani naweza kuipakia kwenye ndege?

Kwa Marekani, kileo cha zaidi ya asilimia 24 kwenye mzigo unaopakiwa kinatakiwa kiwe hakijafunguliwa. Ukitaka kukigawa kwenye vichupa visivyozidi mililita 100 na kuvibeba mkononi, uliza kwanza shirika lako la ndege kama inaruhusiwa. Kiasi kinachobaki baada ya hapo mwachie mwenyeji wako.

22. Mwenzangu hanywi. Atachoka?

Kiwandani hapana, kama anapenda mitambo na harufu. Kunusa ni zaidi ya nusu ya kazi, na asiyekunywa hubaki na pua safi hadi jioni. Mpe glasi zilizofichwa majina, azipange kwa harufu peke yake, halafu mlinganishe na mpangilio wako.